Kura tatu za Tabora 1958, Igunga 2011, na hofu ya "kupoteza kura"

Mwanambutu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa siku tatu, sehemu hapa Tabora mjini na sehemu Igunga nilikokwenda kumjulia hali baba yangu mdogo. Naomba mwenye muda asome mpaka chini kabla hajajibu, maana najua likitajwa neno uchaguzi swali la kwanza ni "wewe chama gani?" Sina kadi ya chama chochote. Nina kichinjio changu tu.

Nianze na huyo baba mdogo. Ni fundi baiskeli. Tangu nikiwa mtoto ni mtu wa CUF, na bendera ilikuwa imefungwa juu ya mwarobaini ulio mbele ya kibanda chake. Jua likiichakaza ananunua nyingine kwa hela yake ya pancha. Hakuwahi kupewa fulana wala cheo, na hakuwahi kuomba.

Oktoba 2, 2011 ulifanyika uchaguzi mdogo Igunga, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge. Waliokuwepo wanakumbuka zile wiki: helikopta juu ya vichwa, magari ya matangazo usiku na mchana, wageni kila nyumba ya kulala wageni. Asubuhi ya kura tulikwenda pamoja kituoni, kwenye darasa la shule ya msingi. Baba mdogo alivaa shati lake la mikono mirefu, akapanga foleni, akaingia kwenye kituturi. Alikaa mle mpaka karani akanyanyua shingo kumwangalia. Akatoka, akatumbukiza karatasi, akachovya kidole kwenye wino, akaondoka bila kunisubiri.

Jioni matokeo ya kituo yakabandikwa mlangoni. Kura za CUF ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Alisoma ile karatasi kwa tochi ya simu, akairudia, akaenda zake nyumbani.

Mwezi uliopita ndipo aliponiambia. "Siku ile mwanangu sikumpigia mtu wangu. Kila niliyekutana naye sokoni aliniambia CUF safari hii haina nguvu, ukiwapa umeitupa. Nikampa yule aliyekuwa na uwezo wa kushinda. Nilipoiona ile karatasi mlangoni nikajua wenzangu wote tunaokunywa kahawa pamoja wamefanya kama mimi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake."

Nimeyabeba maneno hayo kifuani tangu siku hiyo, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Sasa tazameni namba. Dk. Dalaly Kafumu wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 26,484. Joseph Kashindye wa CHADEMA alipata 23,260. Leopold Mahona wa CUF alipata 2,104. Huyu Mahona ndiye aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Rostam mwaka 2010, akiwa na kura zaidi ya 11,000. Mwaka mmoja tu! Wamekwenda wapi wale wengine? Wapo waliobaki nyumbani, kwa sababu kati ya walioandikishwa zaidi ya 170,000, waliopiga kura hawakufika 54,000. Wapo waliobadili mawazo, na hiyo ni haki yao. Lakini wapo waliokuwa kama baba mdogo, na idadi yao hakuna mtu duniani anayeijua, kwa kuwa karatasi ya kura haikuwaachia nafasi ya kusema "namtaka huyu, ila akishindikana basi yule."

Na niwe mkweli hapa, maana hoja hii hupotoshwa sana. Vijiweni nasikia eti Igunga upinzani uligawana kura. Si kweli. Chukua kura zote 2,104 za Mahona umpe Kashindye, anafika 25,364, bado amepungukiwa 1,120. Mshindi alivuka nusu ya kura halali, ingawa kwa chupuchupu. Mahakama Kuu ilitengua ushindi huo mwaka 2012 na Mahakama ya Rufani ikaurudisha, hayo yana uzi wake. Ninacholilia mimi ni watu waliotoka kituoni wakiwa wameandika kitu ambacho hakikuwa mioyoni mwao, na hesabu ikabandikwa mlangoni kama vile ndiyo picha ya mioyo yao. Kesho yake kila mtu mjini anasema CUF imekufa Igunga. Uchaguzi unaofuata hakuna anayethubutu kuwapa, kwa kuwa "si mliona 2011?" Chama kinakufa kwa kusingiziwa kifo.

Hii ndiyo kura ya mkakati. Unaacha kumpigia unayemtaka, unampigia anayeweza kumzuia usiyemtaka. Mfaransa mmoja, Maurice Duverger, aliandika tangu miaka ya 1950 kwamba nchi zenye utaratibu wa jimbo moja, mbunge mmoja, anayeongoza anachukua, huelekea kubakiwa na vyama viwili vyenye uzito, na sababu moja ni hiyo hofu ya mpiga kura ya kutupa kura yake. Simlaumu anayepiga kura hivyo, na baba mdogo simlaumu hata kidogo. Alifanya alichoweza na karatasi aliyopewa.

Tena sisi watu wa Tabora ndio wa mwisho kumcheka mtu kwa kura ya mkakati. Mji huu ndiko nchi hii ilikojifunza.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora, na ajenda nzito ilikuwa kura tatu. Sheria ya mkoloni ilisema kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimwacha mmoja, karatasi yako nzima imeharibika. Na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambulika. Babu yangu alilima pamba maisha yake yote, hakuufikia hata mmoja wa milango hiyo.

Wajumbe wengi walikuja Tabora wakiwa na hasira, wakitaka kususia. Mtu gani mwenye akili aingie kwenye uchaguzi unaomlazimisha kumchagua mtu kwa rangi yake? Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma katika mji huu na baadaye akafundisha hapa hapa, aliwabembeleza waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake, ANC. Waliobaki wakafanya jambo moja la akili sana: walitafuta Wazungu na Waasia wanaokubaliana nao, akina Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa, wakawaelekeza wafuasi wao kura ya pili na ya tatu zielekee huko. Uchaguzi ulikwenda kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP, chama ambacho serikali ya kikoloni ilikitegemea, kikafagiliwa. Mwaka 1960 kulazimishwa kura tatu kulikuwa kumekwisha, na TANU ikachukua viti 70 kati ya 71.

Tunauita Uamuzi wa Busara, na ulikuwa wa busara kweli. Ila nawaomba mtazame ulikuwa wa namna gani. Wazee wale walipiga kura ya mkakati mara moja, ndani ya sheria mbaya, ili sheria ile ifutwe. Sisi tumeifanya desturi. Tunaipiga kila baada ya miaka mitano, na tumeacha kabisa kuuliza kwa nini sheria inatulazimisha.

Ubunge wetu, mwenye nyingi kuliko mwenzake ndiye mshindi, hata akiwa na asilimia 30 na waliobaki wote hawamtaki. Urais, kabla ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, ilikuwa lazima mtu apate zaidi ya nusu ya kura halali. Mabadiliko yale yakaliondoa sharti hilo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka lirudishwe, na sote tunajua mchakato wa Katiba mpya ulipokwamia. Mtu ataniambia hakuna Rais wetu aliyewahi kutangazwa chini ya nusu, na ni kweli, hata mwaka 2015 penye ushindani mkali Dk. Magufuli alitangazwa kwa asilimia 58. Lakini Zambia mwaka 2001 Levy Mwanawasa aliapishwa akiwa na asilimia 29. Wazambia wakakaa na kidonda hicho miaka mpaka wakarudisha sharti la nusu, wakalitumia kwenye uchaguzi wa 2016. Malawi mahakama ndiyo iliyowaamulia: ilifuta uchaguzi wa 2019, ikasema wingi maana yake ni kuvuka nusu, na waliporudia Juni 2020 Chakwera akashinda kwa karibu asilimia 59. Mimi sipendi kusubiri kidonda ndipo nitafute dawa.

Duru ya pili, yaani wawili wa juu kupigiwa kura tena asipopatikana aliyevuka nusu, ni nzuri, ila ni gharama. Watu wa Mbutu kule Igunga (nazungumzia enzi daraja halijajengwa) masika mara moja tu kufika kituoni ilikuwa kazi, uwaite mara mbili ndani ya wiki chache? Ndiyo maana mimi nataka namba. Karatasi ile ile, picha zile zile, ila badala ya alama moja ya vema uandike 1 kwa unayemtaka kwanza, 2 kwa anayefuata, 3 kwa wa tatu.

Nilimwonyesha baba mdogo kwa choroko. Kitongoji chao kilikuwa na mvutano wa mahali pa kuchimba kisima, na kaya 21 zilihudhuria mkutano. Nikaazima ungo kwa mama mdogo, nikahesabu punje 21. Tisa upande wa shule, saba upande wa dukani, tano upande wa mnadani. "Shule imeshinda," akasema. Nikamwuliza, hawa wa dukani na wa mnadani wanaitaka shule? Akatikisa kichwa. Kati yao na shule kuna korongo, mvua zikishika halipitiki. Kwa hiyo kaya 12 kati ya 21 zinachimbiwa kisima ambacho masika haziwezi kukifikia, na hayo ndiyo tunayaita maamuzi ya wengi.

Nikamwambia sasa wa mnadani ndio wachache kabisa, tunawatoa, lakini punje zao hatuzitupi. Tunawauliza: mnadani pakishindikana, wapi? Akazisogeza mwenyewe kwa kidole cheusi cha grisi, moja moja, akitaja kila kaya kwa jina la mwenye nyumba. Nne zikaenda dukani. Moja ikaenda shule, kwa kuwa huyo ana watoto wanne wanaosoma pale. Dukani 11, shule 10.

Akautazama ule ungo muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo wa mnadani hawakuwa na haja ya kudanganya."

Hivyo ndivyo wanavyofanya Australia tangu mwaka 1918. Na asije mtu akasema hiyo ni nchi ya wasomi. Papua New Guinea ni nchi ya milima, lugha mamia kwa mamia, watu wengi ni wakulima wa vijijini kama sisi. Kwa utaratibu kama wetu wabunge wao walikuwa wakiingia bungeni na chini ya asilimia 20 ya kura. Tangu uchaguzi mkuu wa 2007 mpiga kura wao anachagua watatu kwa mpangilio: wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kura tatu, wakuu. Zile za 1958 ulipangiwa kwa rangi ya ngozi. Hizi unazipanga mwenyewe kwa kupenda kwako. Nikifikiria kwamba mji uliozipokea zile kwa uchungu ungeweza kuwa wa kwanza kuziomba hizi, mwili unanisisimka.

Karibuni tujadili.

Mwana Ujiji

Mkuu Mwanambutu, umekuja na reli mpaka mwisho wake, maana hayo ya Igunga, sisi Kigoma tuliyapata mara tatu yake.

Mwaka 2010 mkoa wetu ulikuwa na majimbo manane. Upinzani ulichukua matano: manne NCCR-Mageuzi, kuanzia Kafulila kule Kigoma Kusini mpaka Muhambwe na yote mawili ya Kasulu, na moja CHADEMA, Zitto kule Kaskazini. Hakuna mkoa uliotutisha. Ikaja 2015. UKAWA wakaachiana majimbo wao kwa wao, CHADEMA, CUF, NCCR na NLD. Lakini ACT-Wazalendo haikuwemo UKAWA, na Kigoma ndiko nyumbani kwa ACT. Mimi nilikuwa nauza dagaa Kibirizi wakati huo. Kila boti ikitia nanga mazungumzo ni hayo hayo: huyu namtaka, ila ataangushwa, je nimpe yule? Watu wamekaa juu ya madumu ya mafuta wanapiga hesabu za nani ana nguvu kata gani kama makocha. Hakuna aliyekuwa anazungumzia bei ya mafuta ya boti wala barabara. Hesabu tu.

Matokeo: wakabaki wawili kati ya wanane. Zitto kwa ACT Kigoma Mjini na marehemu Bilago kwa CHADEMA kule Buyungu. Kafulila alikosa kiti kwa kura zipatazo elfu moja tu. Sisemi nani angeshinda tungekuwa na hizo namba zako, hilo Mungu ndiye ajuaye. Nasema watu wangezungumzia barabara.

Mzee wa Reli

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nilianza kupiga kura enzi za chama kimoja. Wagombea ubunge walikuwa wawili, mmoja anapewa jembe, mwingine nyumba. Kura ya Rais ilikuwa Ndiyo au Hapana. Sisemi zilikuwa enzi bora, kwa sababu hao wawili walichujwa na chama kabla hawajatufikia, na ukitaka mtu wa tatu huna pa kumweka. Lakini jambo moja lilikuwepo ambalo nimelikumbuka leo kwa uzi huu: wakiwa wawili, mshindi lazima awe na zaidi ya nusu. Hatukujua kama hiyo ni bahati. Tulidhani ndiyo maana ya kushinda.

Vyama viliporudi mwaka 1992 tulipewa wagombea wengi, utaratibu wa kuhesabu ukabaki wa kale. Hapo hakuna aliyetuuliza.

Mwanambutu

Shikamoo mzee. Hilo la jembe na nyumba nilikuwa nalisikia kwa babu ila sikuwahi kulitazama kwa jicho hilo. Asante sana. Umeniwekea kwa mistari michache nilichozunguka nacho ukurasa mzima.

Mwana Ujiji, hapo pa watu kukalia madumu wakipiga hesabu badala ya kuzungumzia barabara ndipo penyewe. Kura ya mkakati inakula hata kampeni. Mgombea mdogo hana haja ya kueleza sera, anatumia jukwaa lote kuwasihi watu waamini kwamba ana nguvu. Mkubwa naye hana haja ya kueleza sera, anawatisha tu: mkimpa yule, mmemwingiza huyu.

Mwalimu Nzega

Naheshimu uandishi wako, lakini nina wasiwasi. Nimewahi kuwa karani kituoni. Kwa alama moja tu ya vema kura zinaharibika. Kuna mtu anaweka alama kwa wawili, kuna anayeandika jina lake, kuna anayechora moyo. Igunga hiyo hiyo unayoitolea mfano kura zilizoharibika zilizidi elfu. Sasa mpe namba tatu aandike. Bibi asiyejua kusoma atamwambia nani amwandikie 1, 2, 3? Atamwambia mtu anayemsaidia, na hapo siri ya kura imekwenda. Usitibu jicho ukatoboa sikio.

Na pili, hesabu haidanganyi. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 walithibitisha kwamba pakiwa na chaguo tatu au zaidi hakuna utaratibu wa kura usio na mwanya wa mkakati, ukiacha ule ambao mtu mmoja anaamua peke yake. Hata kwa namba zako mtu atakaa chini apige hesabu.

Mwanambutu

Mwalimu, la pili nakubali lote. Mwanya utabaki. Lakini pima ukubwa wake. Kwa karatasi ya leo, mtu yeyote mwenye mgombea wa tatu moyoni anaingia kwenye mtego siku ya kwanza, hata asiyejua hesabu. Kwa namba, ili udanganye kwa faida unahitaji kujua wengine wote watapanga vipi mpaka chaguo la pili na la tatu. Baba mdogo hawezi kujua hayo, mimi siwezi, na wewe mwalimu wa hesabu huwezi. Mtu asiyeweza kukisia anabaki na njia moja, kusema kweli.

La kwanza ndilo linaloniumiza, kwa sababu lina ukweli. Sitaki kura ya bibi iharibike. Hapo nina majibu mawili. Moja, mwenye kuweka vema moja tu ahesabiwe kwamba ameandika 1. Asiyetaka namba asilazimishwe. Papua New Guinea wao wanalazimisha zote tatu zijazwe, na hapo sikubaliani nao. Pili, namba moja mpaka tatu bibi anazijua. Anahesabu hela sokoni, anahesabu madebe ya mpunga, anajua nani alifika kisimani kwanza na nani wa pili. Asichojua ni herufi, na picha za wagombea zipo kwenye karatasi.

Binti Kanyenye

Kaka, mbona unakwenda mpaka Papua wakati uwiano, yaani viti kugawiwa kulingana na kura za chama, tunao nyumbani? Viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa kufuata kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, ilimradi kivuke asilimia 5. Mwaka 2015, kwa mgao wa viti 110, CCM ilipata 64, CHADEMA 36, CUF 10. Maana yake kura ya mtu aliyeshindwa jimboni kwake ilihesabiwa tena na ikaleta mbunge. Watu wengi hawajui! Nilipokuwa natoa elimu ya mpiga kura nikilisema hilo akina mama walikuwa wananiomba nirudie.

Ila ACT, na ubunge wao wa Kigoma Mjini, hawakupata hata kiti kimoja maalum, kwa sababu hawakufika 5.

Tatizo langu liko kwenye majina. Orodha inapangwa na chama. Mimi mpiga kura silioni jina lolote kwenye karatasi. Mwanamke anaingia bungeni, halafu kila akisimama anaambiwa hana jimbo, hana watu. Wakati kura zilizomleta ni nyingi kuliko za wabunge wengi wa majimbo! Nikisikia mageuzi ya uchaguzi yanazungumzwa bila viti maalum kuguswa, najua waliokaa mezani ni wanaume.

Mwanambutu

Dada yangu, umenikosoa na umenikosoa kwa haki. Nilikuwa nimeliandika kwa mstari mmoja, nikalifuta nikiona uzi unarefuka. Sikutakiwa kulifuta.

Tena una hoja kubwa kuliko yangu. Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilichukua majimbo 79 kati ya 80 kwa kura kama asilimia 60. Watu wanne kati ya kumi wakaachiwa kiti kimoja. Maseru ikaungua, majeshi ya nchi jirani yakaingia. Walipotulia hawakufuta majimbo. Waliacha 80 yale yale wakaongeza viti 40 vya uwiano, vya kufidia chama ambacho kura zake ni nyingi kuliko viti vyake, na wakapiga kura kwa utaratibu huo mwaka 2002. Sisi viti tayari tunavyo. Ila vyetu havifidii, vinaongeza tu. Aliyeshinda majimbo mengi anapewa na vya maalum vingi juu yake.

Kwa hiyo nabadilisha ombi langu mbele ya wote: namba jimboni, na viti maalum vya kufidia, vyenye majina yanayoonekana kwenye karatasi, kwa mkoa. Mwanamke wa Tabora achaguliwe na watu wa Tabora na wamjue.

Fundi Rangi

Mnaandika vizuri wote ila mnajenga paa hakuna ukuta. Kura ihesabiwe kwanza kwa haki. Ukiwa na namba 1 mpaka 100 na anayehesabu humwamini, kuna nini?

Mwanambutu

Kuna ukweli hapo na siukwepi. Watu wa Kigoma wanalijua hilo kuliko sote: uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994, kati ya Premji wa CCM na Dk. Kabourou wa CHADEMA, ulitenguliwa na mahakama, na sababu mojawapo ilikuwa upendeleo wa redio ya taifa. Kwa hiyo matokeo ya ubunge yalishitakika na yakatenguka. Ya Rais, kwa ibara ya 41(7) ya Katiba, hakuna mahakama inayoweza kuyachunguza. Ukuta unaousema ni huo, na nitasimama nawe kuujenga.

Lakini fundi, paa na ukuta vinachorwa kwenye ramani moja. Tukisubiri tume ya uchaguzi ikamilike ndipo tuulize tunahesabu vipi, tutakuwa na tume safi inayohesabu kwa uaminifu mkubwa kura ambazo watu hawakuzimaanisha. Waingereza wana hesabu isiyotiliwa shaka, na mwaka 2024 Labour walichukua viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura. Walipopewa nafasi ya kuhamia kwenye namba mwaka 2011, asilimia 67.9 walikataa. Walio juu ya utaratibu wa zamani hawana haraka ya kuubadilisha, na wananchi wasipoelezwa mapema wataambiwa ni vitu vigumu vya wasomi. Ndiyo maana naeleza sasa, kwa choroko.

Niongeze moja tu halafu niwaachie jukwaa.

Jana jioni kabla sijapanda basi kurudi Tabora nilimchorea baba mdogo karatasi ya kura nyuma ya risiti ya spoku. Wagombea wale wa 2011, visanduku vitupu. Akaikalia kwenye kiti chake cha fundi, kalamu imeshikwa kama bisibisi. Akaandika 1 kwa mtu wake wa CUF, akaikoleza mara mbili. Akaandika 2 kwa yule aliyempigia siku ile. Kalamu ikasimama kwenye 3.

"Huyu wa tatu simtaki," akasema. "Nikimwacha wazi, karatasi haiharibiki?"

Nikamwambia haiharibiki.

Akaikunja ile risiti, akaitia kwenye mfuko wa shati.